Dhiraa Mia Nane na Arobaini

...na simu yenyewe haiishi, dakika ya ngapi hii, ya tatu, ya nne, Dokta Cencini amesimama katikati ya njia amenyanyua kidole kimoja, kile kidole cha watu wa ofisini kinachosema subiri kidogo, na Fosco Bindi anasubiri, afanye nini, amesimama mbele ya mlango wa mama yake ameshika ncha ya kamba kwa mikono miwili, hathubutu kuisogeza hata kidogo, kwa sababu ncha imefika, imefika palepale, kwenye jiwe la kizingiti lililolika katikati kwa miguu ya watu, kamba nane na dhiraa arobaini kutoka lango la Camollia mpaka hapa, kama alivyoandika yule muuza nguo wa zamani kijitabuni mwake, si pungufu si zaidi, na yeye Fosco amekuwa akilisema jambo hili miaka mitatu mizima huku watu wakimcheka kahawani, sasa limetimia, Dokta, mwanamke wa ofisi ya mambo ya kale, yupo na viatu vyake vyekundu, barua imo mkobani, imechapwa, inangoja saini tu, halafu saini yenyewe inakatizwa na simu, "hapana, msiiguse," Dokta anaiambia simu, "funikeni kwa turubai, turubai jamani, nitakuja mwenyewe," kumbe kuna dari limeanguka mahali, sijui kanisa gani, sijui kijiji gani, Italia nzima inaporomoka na kila kinachoporomoka lazima kimpigie simu Dokta Cencini leo, asubuhi hii, wakati Fosco anahitaji sekunde kumi tu za mkono wake wa kulia. "Fosco! Niachie?" huyo ni dada yake, Morena, aliyeshika kamba kwenye alama ya arobaini kule juu penye duka la miwani. "Usiachie!" "Mkono unaniuma, kaka!" "Usiachie, nimesema!" Mkono unamuuma, kamba uzito wake kama wa paka mmoja na mkono unamuuma, amekuja kwa basi la asubuhi kutoka Poggibonsi akiwa amenuna tayari, amenuna akishuka, amenuna akinywa kahawa, na alipopewa ncha ya kamba pale langoni akasema, haya, tumalize mchezo wako, mchezo, mama yao yuko karibu kutupwa nje ya nyumba aliyokaa miaka sitini na miwili na Morena anaita mchezo.

Kwa sababu ndicho kitakachotokea, wala hakuna siri, mkataba wa pango unakwisha mwisho wa Septemba na mwenye nyumba, yule Ghezzi mwenye meno mazuri, ameshasema hatauandika upya, anataka kuivunja ndani nyumba ya mama na kuikata vyumba vinne vya watalii, kila chumba na bafu lake la ukubwa wa kabati, ameonyesha hata michoro, akaitandaza juu ya meza ya jikoni ya mama, juu ya makombo ya mkate, akimwonyesha bibi wa miaka themanini na sita mahali kitanda chake kitakapogeuka choo, na mama akavaa miwani akaitazama, akasema mistari imenyooka vizuri, basi, mistari imenyooka, ndivyo alivyo, fundi cherehani hata akipelekewa hati ya kunyongwa atatazama pindo. Lakini Ghezzi hawezi kuvunja ukuta wa ndani kama nyumba imeandikwa kwenye daftari la mambo ya kale, sheria ndiyo hiyo, hapo hata msumari utaombewa kibali, na Dokta Cencini amekubali, amesoma kurasa alizoletewa, amesema Bwana Bindi, kamba ikifika kwenye mlango huo mbele ya macho yangu nitasaini siku hiyohiyo. Nayo imefika. Imefika na yeye anazungumza habari za turubai. Na hawa nao, wapi wanatoka hawa, kundi zima la wageni wenye kofia za njano wanashuka wameijaza njia nzima nyuma ya mwanamke mwenye mwavuli uliokunjwa, wa kwanza anairuka kamba, wa pili anairuka, wa tatu mnene anasimama, anaitazama, anaishika kwa vidole viwili kama anayenunua utepe, "Bwana, tafadhali! Usishike! Bwana!" na yule bwana anatabasamu, anamwinulia Fosco kidole gumba, anampiga picha, asante sana, sasa huko kwao watamwonyesha mzee wa Siena aliyekasirika ameshika kamba, watacheka wakila chakula cha jioni, na kamba imetikisika, imesogea au haikusogea, haikusogea, ncha bado ipo kwenye jiwe, Fosco anakanyaga ukingo wa jiwe kwa ncha ya kiatu ili aweke alama, anavuta pumzi, ana hasira mpaka masikio yamemuwaka, na hajui amkasirikie nani kwanza.

Miaka thelathini na nne amepeleka barua katika njia hii, anaujua kila mlango, kila kengele, kila mbwa, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kujua kwamba amemfuata mtu hatua kwa hatua, mpaka alipostaafu na kuanza kwenda hifadhi ya nyaraka Jumanne na Alhamisi kwa sababu kule kuna joto na hakuna anayekuuliza hali ya mkeo aliyekuacha, wakamletea kijitabu ambacho hakuna aliyekiomba tangu vita, cha mtu aitwaye Neri di Lapo, muuza nguo wa Firenze, mwaka elfu moja mia nne arobaini na saba, macho yanamfifia, anakwenda Roma kuomba aone, na mkewe Tessa yuko naye, na katika kila mji wanaolala wanapima kwa kamba, Tessa ncha ya mbele, Neri ncha ya nyuma, kutoka langoni mpaka mlango wa nyumba ya kulala, kutoka mlango huo mpaka kanisani, kisha Neri anaandika, maana aliogopa kwamba giza litamkuta njiani, alitaka awe na miji yote vidoleni, na Fosco alipofika ukurasa wa Siena aliusoma mara nne bila kuvua koti: *Kutoka langoni mpaka mlango wa mjane Mita anayelaza wageni, mkono wa kushoto, kamba nane na dhiraa arobaini. Wamechora ndege darini. Mimi naona wawili, Tessa anasema wamo kumi na mmoja.* Ndege darini! Na kwenye dari la chumba cha kulala cha mama, pale pembeni juu ya kabati, chini ya chokaa, kuna kitu kama bawa, mama anasema ni unyevu, ni beseni la yule mama wa juu lililofurika mwaka wa sabini, lakini Fosco amelala katika chumba hicho akiwa na surua, ana miaka sita, amelitazama lile bawa siku tisa, na unyevu hauna manyoya. Basi wiki iliyopita akanunua kamba ya katani, akaenda nayo kwenye kile chuma kilichopigiliwa ukutani tangu enzi za wazee, chuma cha dhiraa, ambacho wenye maduka wote walilazimika kulinganishia vipimo vyao, akaipima hapo dhiraa mia moja, moja moja, amepiga magoti mbele za watu, polisi wawili wakaja wakamtazama wakaondoka, akaileta kamba kwa mama, na mama akamshonea alama, uzi mwekundu kila baada ya dhiraa kumi, mishono midogo kama ya nguo za mtoto mchanga, leo akizitazama nyuzi zile zimejipanga njiani mpaka kwa Morena anaona fahari, hiyo ni kazi, hakuna mashine inayoshona vile.

"We mzee wa barua!" ni Elio, ametoka dukani mwake na aproni, duka la mapaja ya nguruwe ya chumvi, milango miwili nyuma, kamba inapita mbele ya ngazi yake, "umeufunga mtaa mzima kama mbuzi wa sadaka, wateja wangu wapite wapi, angani?" "Dakika mbili, Elio." "Dakika mbili ulisema tangu saa mbili na nusu. Nilete kisu?" "Ukiigusa kamba hiyo nakuziba mdomo kwa soseji zako." "Haya, haya, bwana mkubwa," anacheka, anafuta mikono, haondoki, anaegemea mwimo wa mlango kama aliyekata tiketi, Elio naye, miaka arobaini ana duka katika mtaa huu wa Nungunungu na bado ni mgeni, amezaliwa Vallerozzi, mtoto wa Mbwamwitu, wiki ya mashindano ya farasi kati ya mitaa akipita kahawani watu wananyamaza, na hiyo ni Vallerozzi, ni hapo chini tu, ukitema mate yanafika, sembuse huyo Dokta anayetoka Livorno, ufukweni huko, watu wanaokula supu ya samaki kumi na watatu, na sembuse Firenze, Firenze tuiache, Firenze tuliwapiga Montaperti mpaka mto ukawa mwekundu, ni miaka mia saba na zaidi lakini kuna watu wanazungumza kama walikuwepo, baba yake alikuwa anazungumza kama alikuwepo, alikuwa anataja mahali alipokuwa amesimama. Na Neri huyu, Fosco amemsamehe kuwa Mfirenze, amemsamehe kwa ajili ya macho yake, kwa ajili ya Tessa, amemfanya karibu kuwa mtu wa hapa, akimwota anamwona ana sura ya baba. "Fosco!" sasa ni mama, dirishani, ghorofa ya tatu, ameegemeza viwiko juu ya taulo, kikapu chake cha kupandishia vitu kwa kamba kinaning'inia ukutani, "Fosco, huyo binti amekula?" "Amekula, Mama." "Mbona mwembamba hivyo?" "Yuko kwenye simu, Mama, ingia ndani." "Mwambie kuna keki." "Nitamwambia." "Nani kasema alikuwa wa Firenze, yule muuza nguo? Si ulisema wa Firenze?" "Ndiyo, Mama, wa Firenze, ingia ndani upepo huo." "Hao dhiraa yao fupi!" anapaza sauti, sauti ya kuita watoto chakula, mtaa mzima unasikia, Elio anainua kichwa, "bibi yake bibi yangu alikuwa anasema hivyo, usinunue kitambaa kwa Mfirenze, kila dhiraa anakuibia upana wa gumba!" Na Elio anaangua kicheko, "Mama Argia, na Msiena je, anaiba nini?" "Msiena anaiba ukigeuka," mama anasema, na Fosco anatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, wazee bwana, mita zimekuja Napoleoni yu hai na wao bado wanapigania upana wa gumba, dhiraa fupi, mikono ya wezi, mambo ya wanawake wa sokoni waliokufa zamani, ni kweli lakini, kila mji ulikuwa na chuma chake ukutani, Firenze chake, Siena chake, Bologna chake, ukibeba kitambaa kutoka mji mmoja mpaka mwingine kinanyooka au kinakunjamana, kila mmoja alipima kwa chake, kila mmoja...

...kila mmoja alipima kwa chake. Neri di Lapo alikuwa na duka. Neri di Lapo aliandika ukurasa wa kwanza, Fosco anaujua kwa moyo, amemsomea Dokta leo hii pale langoni, *kamba niliyoikata mwenyewe juu ya meza ya duka langu kabla sijafunga mlango*, meza ya duka lake, Firenze, kwa dhiraa ya Firenze, angepima kwa nini kingine, angepitia Siena kwanza aombe chuma chetu? Hapana. Subiri. Anatazama kidole gumba chake juu ya kamba, gumba la mtu wa posta, pana, karibu sentimita mbili, toa kidogo, mara mia nane na arobaini, hesabu rahisi, alikuwa akifanya hesabu ngumu kuliko hiyo za stempu, mita kumi na nne, kumi na tano, kumi na tano kurudi nyuma, dhiraa ishirini na tano hivi za kamba hii, macho yake yanaifuata kamba bila kupenda, uzi mwekundu wa kwanza, wa pili, na kati ya wa pili na wa tatu, sawasawa katikati, kuna ngazi ya jiwe, na juu ya ngazi kuna Elio amekunja mikono. Mkono wa kushoto. Kwa Elio. Mjane Mita alilaza watu pale yanaponing'inia mapaja ya nguruwe, na ndege kumi na mmoja walikuwa juu ya vichwa vya Neri na Tessa katika dari ambalo bomu liliangusha mwaka wa arobaini na nne na babake mwenye nyumba akaweka saruji, na lile bawa la surua ni unyevu, ni beseni la mama wa juu. Mpumbavu. Mpumbavu mkubwa. Miaka mitatu, Jumanne na Alhamisi, miaka mitatu ya kusoma neno Firenze kila ukurasa na hata siku moja haikumpitia kichwani kwamba Siena inaweza kupimwa kwa mkono usio wa Siena! Hakuna mtu mwingine duniani angekosea hivi, mtoto wa shule wa Pisa asingekosea, Mjerumani asingekosea, ni mtu wa hapa tu, aliyezaliwa ndani ya kuta hizi akadhani dunia nzima imekatwa kwa chuma kile kimoja, anatamani kujizaba kofi lakini mikono ina kamba, na Dokta bado, "ndiyo, picha, nitumie picha," kidole bado kiko juu, hajasikia kitu, amelipa dirisha mgongo.

Hajasikia. Basi hajasikia. Nani anajua? Neri amekufa. Tessa amekufa. Dokta ni mtu wa Livorno, amesomea michoro ya ukutani, hajui habari za dhiraa, ameona kamba, ameona jiwe, atasaini. Elio amecheka tu, Elio akicheka hafikiri, hawezi mambo mawili kwa pamoja. Saini moja na Ghezzi atakwenda kutafuta bibi mwingine, na mama atabaki na dirisha lake na taulo lake na ngazi zake, itakuwa uongo, sawa, uongo wa mita kumi na tano, serikali hii imeshadanganywa kwa kilomita, na ni kwa ajili ya mama, nani atamhukumu, kwa ajili ya mama yamefanywa mabaya kuliko hili, atanyamaza, ndiyo, atanyamaza, "Fosco! Tangu lini kamba inakaa hewani hivi, niachie?" "Usiachie!" Anachukia jinsi sauti yake ilivyopasuka. "Mwambie, Fosco!" ni mama tena, juu, "mwambie huyo binti habari za dhiraa yao!" "Nimesikia, Mama!" "Sikusemi wewe. Nasema mwambie yeye!" Sasa kwa nini, kwa nini leo, wakati mwingine unamwuliza umemeza vidonge anakusimulia harusi ya binamu, leo amekamata jambo moja na haliachii, laiti angejua tu kwamba kila neno analolitupa toka dirishani linambomolea ukuta wake mwenyewe, laiti angejua, maskini, hajui... Fosco anainua uso. Mama hamtazami yeye. Mama anautazama mgongo wa Dokta, ametoa kichwa nje, kifua juu ya taulo, kama mtu anayengoja mwenye duka ageuke. Hajui? Bibi aliyekata vitambaa miaka hamsini hajui? Ijumaa, jikoni, kastabini kidoleni, kamba imejaa mezani, alisimamisha sindano akauliza, hii umeikatia wapi, na yeye akasema, hapa Mama, kwenye chuma chetu, wapi tena, na mama akasema, aa, akaileta sindano karibu na macho, Fosco alidhani anatafuta tundu, kisha akasema, na yeye alikuwa mtu wa Firenze, hakuuliza, alisema, na Fosco akajibu nini, akajibu, Mama, kahawa ipo? Alijua. Tangu Ijumaa alijua itafika wapi kamba sahihi, na akashona nyuzi zote nyekundu, vizuri, bila kuruka hata mmoja, kwa sababu mwanawe aliomba.

Basi kwa nini anapiga kelele sasa, kama anataka kukaa, kwa nini apige kelele, hilo ndilo halikai, Fosco analigeuza huku na huku na halikai, mpaka linaanza kukaa, na linavyokaa ndivyo anavyotamani lisikae. Sufuria kubwa za shaba aliuliza ziko wapi, mama akasema nimempa binti wa chini, anapika watu wengi, na yeye akagomba. Morena akasema kule kwake Poggibonsi kuna chumba cha chini kinachopata jua asubuhi, na mama akauliza, ukipanda lifti ya kwenye kituo cha afya kule inapiga kelele? Fosco alicheka, alidhani ni swali la kizee. Januari alimkuta amekaa kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, taa imezimika, mfuko wa mkate mapajani, amekaa gizani, Fosco hakujua amekaa muda gani, akasema napumzika tu, mwanangu, tangulia, na Fosco akamnyanyua, akamnunulia kikapu kipya cha dirishani, akajiona mtoto mwema. Daktari anamwuliza mama unalalaje, Fosco anajibu, analala vizuri. Padri anamwuliza, Argia, huchoki huko juu? Fosco anajibu, huyu, huyu atatuzika sote. Pasaka, mezani, kondoo bado yuko kwenye sahani, Morena aliweka uma chini akasema, Mama, mimi nakuuliza wewe, unataka kuja kwangu? na kabla mama hajameza Fosco akasema, Mama haendi popote, Mama nyumba hii ndiyo damu yake, akapiga meza, maneno mazuri kabisa, alisikia fahari kuyasema, na mama akatazama kitambaa cha meza akaanza kukusanya makombo kwa kiganja. Damu ya nani? Nani anayepanda ngazi hizo kila siku saa sita mchana akakuta supu, nani aliyebaki na chumba kimoja cha kupanga kule San Prospero chenye televisheni na kiti, nani ambaye mlango huu ukifungwa hatakuwa na mlango hata mmoja mjini humu wa kuingia bila kugonga? Ni yeye. Yeye Fosco Bindi, miaka hamsini na tisa, ndiye anayeogopa Septemba. Amemweka mama yake ghorofa ya tatu kama mtu anayeweka barua alizokataa kuzigawa, na akaita mapenzi, na yalikuwa mapenzi, hilo halikanushi, yalikuwa mapenzi, lakini hakumwuliza. Miaka mitatu amemfuata mtu aliyekufa kwa kamba, amejua macho yake, amejua hofu yake, amejua mkewe alihesabu ndege wangapi, na huyu aliye hai hapo juu hakumwuliza kitu hata kimoja. Aibu inampanda kutoka miguuni, ya moto, anataka kumkasirikia mtu, anamtafuta, Morena, Ghezzi, Elio, yule mwenye kofia ya njano, na hakuna hata mmoja anayetosha.

Dokta anasema, "sawa, sawa, nakaribia kumaliza hapa," hasemi na Fosco, anasema na simu, kidole chake kimeanza kushuka kisha kinapanda tena. Upepo unatikisa bendera ya mtaa. Elio bado ameegemea, Morena bado ameshika, kamba bado imenyooka, ncha bado iko juu ya jiwe, na Fosco hajaisogeza wala hataisogeza, ila sasa anaiona ilivyo, kamba ya katani. Anainua kichwa mpaka shingo inamuuma. "Mama," anasema, "wewe unataka kukaa?" Juu kule mama anaacha kumtazama Dokta. Anamtazama yeye. Anavuta taulo chini ya viwiko vyake kama anayelinyoosha, na macho yake, hata kutoka chini huku Fosco anayaona, yanajaa. Jibu tayari limemfika Fosco kwenye ulimi, lile lile la siku zote, refu, zuri, la kupigia meza, analimeza, anang'ang'ania kamba, na kwa mara ya kwanza maishani mwake anamwacha mama yake atafute maneno yake mwenyewe.